Wi-Fi Mpya Imetoka: Ofisi Ibadilishe Lini?

Mtandao ofisini unasuasua, kiwango kipya cha Wi-Fi kimeingia sokoni, muuzaji amekwisha kupiga simu, na mkuu wa kampuni anataka jibu la ndiyo au hapana. Anayeulizwa ni mtu wa TEHAMA. Akisema ndiyo, fedha nyingi zinaweza kutumika na malalamiko yakabaki palepale. Akisema hapana, ataambiwa anairudisha kampuni nyuma.

Msimamo wangu niuseme mapema: tarehe ya kutoka kwa kiwango kipya haipaswi kuwa na uzito wowote katika uamuzi huu. Majibu yako ofisini kwako, kwenye vifaa wanavyotumia wafanyakazi, kwenye swichi (vifaa vinavyounganisha nyaya za mtandao) na nyaya zinazopita ukutani, na kwenye masafa ya redio ambayo sheria ya nchi yako inaruhusu. Mwenye kuvijua hivyo anaweza kufanya uamuzi mzuri hata kama hajasoma tangazo hata moja. Asiyevijua atanunua namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Na namba hiyo ndiyo ya kuanza nayo.

Viwango vya Wi-Fi hutungwa na taasisi ya wahandisi ya IEEE, vikipewa namba 802.11 na herufi zake. Cha kwanza, cha mwaka 1997, kilikuwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Vikafuata a na b mwaka 1999, g mwaka 2003, n mwaka 2009, ac mwaka 2013 na ax mwaka 2021. Wanunuzi walikuwa wakipotea katika herufi hizo, ndipo mwaka 2018 Wi-Fi Alliance, umoja wa makampuni unaothibitisha kuwa vifaa vya watengenezaji mbalimbali vinaelewana, ukaamua kutumia namba za kawaida. Basi n ikawa Wi-Fi 4, ac ikawa Wi-Fi 5, ax ikawa Wi-Fi 6. Wi-Fi 6E ni ile ile ya sita iliyoongezewa masafa ya gigahezi 6. Wi-Fi 7 ni 802.11be, ambayo vifaa vyake vilianza kuthibitishwa Januari 2024.

Wengine husema ni hatari kununua kabla IEEE haijachapisha waraka wa mwisho. Hofu hiyo ina sababu, lakini historia inaipunguza. Wi-Fi 6 ilianza kuthibitishwa mwaka 2019 ilhali waraka wake ulikamilika mwaka 2021, na kabla ya hapo vifaa vya n vilianza kuthibitishwa mwaka 2007, miaka miwili kabla ya kiwango chenyewe kupitishwa. Cha kuogopa ni kifaa ambacho hakina uthibitisho wa Wi-Fi Alliance. Kilicho nacho, hata kama waraka bado uko mezani, kwa kawaida hurekebishwa kwa sasisho la programu.

Sasa turudi kwenye boksi. Namba maarufu ya Wi-Fi 7 ni gigabiti 46 kwa sekunde. Hesabu hiyo inachukulia mikondo 16 ya antena, yaani njia 16 za kupeleka data kwa pamoja, na chaneli, yaani kipande cha masafa, yenye upana wa megahezi 320. Kompyuta mpakato ya kawaida ina mikondo 2, wala si 16. Tena, ofisi yenye vituo vingi vya Wi-Fi, yale mafundi wanayoyaita akses pointi, haiwezi kuipa kila moja chaneli pana namna hiyo bila chaneli kugongana. Kwenye masafa ya gigahezi 5, mara nyingi upana unaowezekana ni megahezi 40 au hata 20. Piga hesabu upya kwa mikondo 2 na megahezi 40: Wi-Fi 6 inatoa megabiti 574 kwa sekunde, Wi-Fi 7 inatoa 688. Tofauti ni asilimia 20 tu, na hata hiyo inapatikana kwa aliye karibu sana na akses pointi, kwa sababu njia mpya ya kupakia biti 12 badala ya 10 katika kila alama inadai mawimbi safi mno. Mfanyakazi aliyekaa nyuma ya kuta mbili hataiona.

Hata hizo 574 si mali ya mtu mmoja. Wi-Fi ni kama chumba cha mkutano ambamo anazungumza mmoja mmoja. Vifaa vyote vilivyo kwenye chaneli moja hugawana muda wa hewani, na akses pointi yenyewe haiwezi kusema na kusikiliza kwa pamoja katika chaneli ileile. Ukiondoa muda wa kupokezana zamu na wa kuthibitisha kwamba ujumbe umefika, kinachobaki kwa kazi halisi mara nyingi ni kama nusu ya kasi iliyotajwa, au zaidi kidogo. Humo ndimo kila aliyemo chumbani anachota.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo fedha nyingi hupotea. Chukua pakiti moja ya data ya baiti 1,500, yaani biti 12,000. Kompyuta inayosafirisha kwa megabiti 574 huihitaji hewa kwa sehemu ndogo sana ya muda, kama mikrosekunde 21. Kifaa cha zamani cha kusoma misimbo ya bidhaa, kinachosafirisha kwa megabiti 1 kwa sekunde, huihitaji hewa kwa milisekunde 12 kupeleka pakiti ileile. Ni zaidi ya mara 500. Wakati kinapoongea, wengine wote kwenye chaneli hiyo wananyamaza, mwenye simu mpya na mwenye kompyuta ya bei mbaya. Ukileta akses pointi ya kisasa kuliko zote na kukiacha kifaa hicho kiendelee kusema polepole, umenunua chumba kizuri zaidi kwa mkutano uleule.

Dawa yake haihitaji kununua chochote. Katika mipangilio ya akses pointi nyingi za kibiashara, fundi anaweza kuzima kasi za chini zilizobaki tangu enzi za 802.11b, yaani megabiti 1, 2, 5.5 na 11 kwa sekunde. Anatakiwa kwanza ahakikishe hakuna kifaa muhimu kinachozitegemea, kisha azizime. Akses pointi zenyewe hutangaza jina la mtandao karibu mara kumi kwa sekunde, na hutangaza kwa kasi ya chini kabisa iliyoruhusiwa. Ofisi inayorusha majina sita ya mitandao, la wageni, la wafanyakazi, la mapokezi, la mashine za kuchapisha na mengine, inajaza hewa kwa matangazo kabla mtu hajafungua barua pepe hata moja. Yapunguze yabaki matatu, au mawili.

Kuna malalamiko mengine yanayotupiwa Wi-Fi bure. Chukua kompyuta ya mtu anayelalamika, ichomeke waya wa mtandao palepale mezani pake, saa ileile ya msongamano. Ikiwa bado inasuasua, basi tatizo liko mbele zaidi, kwenye laini ya intaneti, kwenye ukuta wa moto (kifaa kinachochuja kinachoingia na kutoka mtandaoni), au kwenye seva ya programu anayotumia. Hakuna kiwango cha Wi-Fi kitakachoitibu laini ya megabiti 100 inayogawanywa na watu 200.

Tatizo jingine linalofanana na Wi-Fi mbovu ni kuishiwa anwani, yaani namba ambazo kila kifaa hupewa ili kitambulike mtandaoni. Mtandao uliopangwa kwa njia ya kawaida una anwani 254 za kugawa. Siku ulipopangwa, kila mfanyakazi alikuwa na kompyuta moja. Leo ana kompyuta, simu na pengine saa ya mkononi, na wageni wanaingia na kutoka. Ikiwa seva ya Windows ndiyo inayogawa anwani na hakuna aliyegusa mipangilio, kila anwani hushikiliwa kwa siku 8, hata kama aliyeitumia alikaa nusu saa akaondoka. Siku ya Alhamisi watu wanaanza kusema Wi-Fi inakataa kuunganika. Anwani zimekwisha, na akses pointi mpya zitakuta zimekwisha vilevile.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza na muuzaji, pima. Mfumo wa kusimamia akses pointi huonyesha chaneli inatumika kwa asilimia ngapi ya muda. Tazama saa za kazi nyingi, na tazama kila akses pointi peke yake, kwani wastani wa jengo zima huficha mengi. Chaneli ikikaa juu ya asilimia 50 kwa muda mrefu, simu za sauti na mikutano ya video huanza kukatikakatika. Ikivuka 70, kila mtu anajua. Angalia pia nguvu ya mawimbi pale watu walipokaa, ambapo wabunifu wa mitandao ya sauti hupenda isipungue dBm -67 (katika kipimo hiki, namba ikikaribia sifuri mawimbi yana nguvu zaidi), na kiasi cha pakiti zinazorudiwa kutumwa. Mawimbi yakiwa dhaifu, huenda unahitaji tu kuhamisha akses pointi iliyofichwa juu ya kabati la chuma.

Ukiyamaliza hayo na bado hewa imejaa, sasa una sababu ya kweli ya kufikiria kubadilisha. Na hapo swali kubwa ni la masafa kuliko la kizazi.

Masafa ya gigahezi 2.4 yana nafasi ya chaneli 3 tu zisizogongana. Gigahezi 5 ina nafasi kubwa zaidi, lakini majirani wote wamo, na sehemu yake inagawanywa na rada. Gigahezi 6 ni uwanja mpya ambao vifaa vya zamani haviwezi kuingia kabisa. Hakuna kisoma misimbo cha mwaka 2008 humo, hakuna mtu anayesema kwa megabiti 1. Utulivu huo ndio faida halisi ya Wi-Fi 6E na Wi-Fi 7, na kwa maoni yangu unazidi thamani ya vionjo vingine vyote vinavyotangazwa.

Lakini ukubwa wa uwanja unategemea uko wapi. Marekani ilifungua megahezi 1,200 mwezi Aprili 2020. Umoja wa Ulaya ulifungua megahezi 480 mwaka 2021. China iliyaelekeza masafa hayo kwenye mitandao ya simu. Katika mkutano wa dunia wa masafa ya redio uliofanyika Dubai mwaka 2023, sehemu ya juu ya gigahezi 6 ilitambuliwa kwa ajili ya mitandao ya simu katika maeneo mengi. Maana yake ni kwamba akses pointi ileile inapata chaneli 3 za megahezi 320 Marekani, na chaneli 1 tu Ulaya. Ofisi yenye akses pointi 30 na chaneli 1 pana haina chaneli pana hata kidogo. Itarudi kwenye megahezi 80 au 40. Kwa hiyo waraka wa kwanza kusomwa uwe wa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako. Kama gigahezi 6 haijaruhusiwa, sababu kubwa ya kulipia Wi-Fi 7 imeondoka, na Wi-Fi 6 iliyopangwa vizuri itakutosha kwa miaka.

Halafu vihesabu vifaa. Akses pointi mpya huvihudumia vifaa vya zamani, ila kwa lugha yao ya zamani. Kompyuta ya Wi-Fi 5 ikiunganishwa na akses pointi ya Wi-Fi 7 inabaki kuwa ya Wi-Fi 5. Mifumo mingi ya usimamizi huorodhesha kila kifaa na uwezo wake, na orodha hiyo inafaa kuliko kubahatisha. Angalia na mfumo endeshi pia, maana kompyuta yenye Windows 10 haipati gigahezi 6 hata kama kadi yake inaweza, na Wi-Fi 7 kwenye Windows inaanzia toleo la 24H2 la Windows 11. Kwa upande wa Apple, gigahezi 6 kwenye simu ilianza na iPhone 15 Pro mwaka 2023.

Si lazima vifaa vyote viwe vipya. Theluthi moja ikihamia gigahezi 6, theluthi mbili zilizobaki kwenye gigahezi 5 zinapata nafasi ya kupumua bila kubadilishwa. Lakini kama vifaa vinavyoweza ni kumi katika mia mbili, subiri. Mara nyingi ofisi hubadilisha kompyuta mpakato kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, na akses pointi hukaa miaka mitano hadi saba. Ratiba ya kununua kompyuta ndiyo inayopaswa kuivuta ratiba ya Wi-Fi, na ajabu ni kwamba katika ofisi nyingi watu wanaosimamia ratiba hizo mbili hawakai meza moja.

Vionjo vingine nitavipitia haraka. Wi-Fi 6 ilileta njia ya kugawa chaneli vipande vidogo ili vifaa kadhaa vyenye ujumbe mfupi vihudumiwe kwa mkupuo mmoja, na inasaidia kweli penye msongamano, mradi vifaa vyenyewe viwe vya Wi-Fi 6. Wi-Fi 7 imeleta uwezo wa kifaa kuunganika kwa masafa mawili au zaidi kwa pamoja. Vifaa vidogo vingi hurukaruka kati ya masafa hayo badala ya kuyatumia yote wakati mmoja, hivyo usitarajie kasi zijumlishwe. Faida iko kwenye ucheleweshaji unaopungua masafa moja yanapojaa.

Nyaya ndizo zinazovuruga bajeti. Akses pointi hulishwa umeme kupitia waya uleule wa mtandao. Kiwango cha kwanza cha umeme huo, cha mwaka 2003, kilitoa wati 15.4 kwa kila tundu la swichi. Cha mwaka 2009 kilitoa wati 30, na cha mwaka 2018 kikafika wati 90. Akses pointi nyingi za Wi-Fi 7 zenye redio tatu, yaani sehemu tatu za kurusha na kupokea mawimbi, zinahitaji wati 30 au zaidi ili zifanye kazi kikamilifu. Zikipewa pungufu haziwaki moto wala hazigomi. Huzima redio moja au hupunguza mikondo, kimyakimya, na wewe unabaki umelipia redio tatu huku ukitumia mbili.

Tena usiangalie tundu moja tu. Swichi yenye matundu 24 na uwezo wa jumla wa wati 370 itaweza kulisha akses pointi 12 za wati 30, si 24. Mzigo huo mpya unakula pia betri ya dharura, hivyo umeme ukikatika mtandao utadumu muda mfupi kuliko zamani. Hayo yaingie kwenye makadirio ya mwanzo, kabla mkataba haujasainiwa, maana swichi zikija kuongezwa baadaye zinaweza kugharimu kama akses pointi zenyewe.

Habari njema ni kwamba waya wenyewe mara nyingi unatosha. Tangu mwaka 2016 kuna kiwango cha Ethaneti, yaani mtandao wa waya, kinachopitisha gigabiti 2.5 kwenye waya wa Cat 5e kwa umbali wa mita 100. Na tundu la gigabiti 1 halizuii kazi kwa namna wauzaji wanavyodai. Tazama grafu ya akses pointi yako yenye kazi nyingi kuliko zote kwa wiki nzima. Kama kilele chake ni megabiti 300, gigabiti 1 ina nafasi tele.

Nimeacha usalama hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu una sheria tofauti. Hoja zote za juu zinaweza kusubiri mwaka mmoja. Hii haisubiri. Kila akses pointi ina tarehe ambayo mtengenezaji ataacha kutoa masasisho ya usalama, na kwa kawaida tarehe hiyo hutangazwa mapema. Ikishapita, tundu la usalama litakalogunduliwa halitazibwa. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef alionyesha udhaifu katika WPA2, ulinzi uliokuwa ukitumika tangu mwaka 2004. Vifaa vilivyokuwa bado vinahudumiwa viliweza kuzibwa kwa sasisho. Vilivyokwisha kuachwa na watengenezaji havikuwa na wa kuviziba. Akses pointi iliyopitwa na tarehe hiyo iondolewe hata kama kasi yake inaridhisha kila mtu, na hiyo ndiyo tarehe pekee ambayo ningeibandika kwenye kalenda ya mkurugenzi wa fedha.

WPA3 ilikuja mwaka 2018, na tangu Julai 2020 kila kifaa kipya kinachothibitishwa na Wi-Fi Alliance lazima kiwe nayo. Kwenye gigahezi 6 WPA2 hairuhusiwi kabisa. Hivyo mashine ya kuchapisha isiyojua WPA3 itaendelea kuhitaji mtandao wa gigahezi 2.4 au 5 wenye ulinzi wa zamani, na ni vizuri mtandao huo utengwe na ule wa kazi nyeti.

Basi ningefanya nini? Mwenye Wi-Fi 6 yenye afya, inayopata masasisho, asibadilishe. Mwenye Wi-Fi 5 aangalie kwanza tarehe ya mwisho ya masasisho, kisha hesabu ya vifaa; wengi watagundua kwamba wana muda mfupi kuliko walivyodhani. Mwenye Wi-Fi 4 kwenye kazi muhimu hana cha kusubiri. Anayebadilisha sasa katika nchi iliyofungua gigahezi 6 anunue Wi-Fi 7, kwa sababu akses pointi hizo zitahudumia kompyuta ambazo bado hazijatengenezwa. Sioni sababu ya kuishia 6E isipokuwa tofauti ya bei iwe kubwa. Wi-Fi 8, inayotarajiwa kukamilika mwaka 2028 na inayolenga uthabiti kuliko kasi, nina matumaini nayo sana, lakini si sababu ya kuiacha ofisi na akses pointi zisizopata masasisho hadi wakati huo.

Na mtu asibadilishe jengo zima kwa siku moja. Chagua ghorofa moja yenye malalamiko mengi, uibadilishe yote. Kuchanganya akses pointi mpya na za zamani kwenye ghorofa moja, moja hapa moja pale, kunavifanya vifaa virukeruke kati ya gigahezi 6 na 5 kila mtu anapotembea, na simu zinakatika. Pima nafasi za kuzibandika upya pia, maana mawimbi ya gigahezi 6 huchoka mapema kidogo yanapopita kuta. Andika vipimo vya kabla: matumizi ya chaneli saa za kilele, pakiti zinazorudiwa, ucheleweshaji kutoka kwenye meza zilezile. Baada ya mwezi rudia vipimo hivyohivyo, saa zilezile. Vikiwa havijasogea, fedha za ghorofa zilizobaki zisitolewe mpaka sababu ijulikane.